Sinema Iliyokuja na Gari

Mhadhara uliotolewa Isikizya, Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora

 

Mada niliyopewa ni sinema za zamani: majumba yake, viwanja ambavyo mtu alitazama picha akiwa ndani ya gari lake, na mafundi walioendesha mashine. Naipenda mada hii kwa dhati, na ndiyo maana sitaizungumzia kama inavyozungumziwa Dar es Salaam au Zanzibar. Huko wanaoikumbuka sinema hukumbuka jengo kwanza: dirisha la tiketi, ngazi, viti vya juu na vya chini, pazia linalofunguka. Wana haki yao. Mtu wa Uyui akiikumbuka sinema, jengo halimo. Kilichomo ni gari, kitambaa cheupe, na mtu mmoja aliyesimama kando ya mashine. Huyo mtu ndiye niliyekuja kumzungumzia.

Lakini niwatendee haki wenzetu wa mijini kwanza. Mwaka 1921 mfanyabiashara wa Zanzibar, Hassanali Adamji Jariwalla, alifungua jumba la Royal pale Vuga, lililochorwa na John Sinclair, ambaye ndiye aliyechora majengo mengi ya serikali ya wakati ule Unguja. Baadaye jumba hilo liliitwa Majestic, likaungua, likajengwa upya miaka ya 1950, na hadi leo wapo watu wanaohangaika kulifufua. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress na Chox. Nairobi walikuwa na viwanja viwili vya magari, Belle Vue kwenye barabara ya Mombasa na Fox kwenye barabara ya Thika. Kampala walikuwa na Norman, ambalo baadaye lilikuja kuwa kanisa.

Uwanja wa magari wa Dar es Salaam, ambao wote waliuita Drive-In, ulifunguliwa mwaka 1966 upande wa Msasani. Familia nzima iliingia kwenye gari moja, watoto wakiwa tayari wamevalishwa nguo za kulalia, chakula kimefungwa kutoka nyumbani. Gari liliegeshwa likitazama pazia kubwa, kipaza sauti kidogo kikatolewa kwenye nguzo na kutundikwa dirishani. Asiyekuwa na gari alijitahidi kupata nafasi kwenye gari la jirani au la ofisi. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake hasa, na ndiyo maana miaka ya shida ya mafuta, serikali ilipokataza kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana, pigo liliingia moja kwa moja pale. Leo kwenye kiwanja kile umesimama ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa mwaka 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998. Wanaopita pale na watoto wao bado huwaonyesha kwa kidole: hapa ndipo tulipotazama picha.

Sasa turudi huku kwetu Unyamwezi. Mikanda ya sinema ilifikaje huku? Ilifuata njia ambayo babu zetu waliijua kwa miguu. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kutoka Tabora hadi Ujiji, misafara ilibeba pembe, nguo, shanga, habari na nyimbo. Wajerumani wakaja na reli: mwaka 1912 ikafika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma, na mwaka 1928, chini ya Waingereza, likaongezwa tawi la Mwanza. Mikanda ilipakiwa Dar es Salaam ndani ya makopo ya bati, ikapanda treni pamoja na barua na magunia, ikashushwa mji baada ya mji. Kila filamu iliyofika Tabora mjini kwa reli ilipita kwanza Goweko na Igalula, ndani ya wilaya hii yetu, ikiwa imefungwa kwenye kopo lake. Watoto wa Igalula waliokimbia kando ya treni kupunga mikono walikuwa hatua chache kutoka kwa Raj Kapoor, nyota wa filamu za Kihindi, wala hawakujua.

Na njia hii ya misafara yenyewe ilikwishageuzwa picha. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa filamu iitwayo Stanley and Livingstone, kisa cha mwandishi wa habari Stanley aliyekwenda kumtafuta mmisionari Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Mtu yeyote wa hapa anajua kwamba kisa hicho hakiwezi kusimuliwa bila Kwihara, kwenye tembe ambamo wageni hao wawili walikaa mwanzoni mwa mwaka 1872, na ambamo Livingstone alibaki miezi mingi akisubiri wapagazi. Wapagazi hao, wengi wao watu wetu, ndio waliobeba safari zote zile kichwani na mabegani. Natamani siku moja nione filamu inayoanza na wao.

Kabla sijafika kwenye gari, nataka niwaingize kwenye chumba cha mashine cha jumba la mjini, kwa sababu vijana mliopo hapa mmezaliwa katika zama za simu na hamjawahi kukiona.

Mkanda wa milimita 35 hupita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Futi moja ya mkanda ina picha 16, kwa hiyo dakika moja inakula futi 90. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ni futi 16,200, karibu kilomita 5 za mkanda. Chukueni mkanda huo mwanzo wake hapa tulipokaa na mwisho wake uko mbali kuliko macho yanavyofika. Hauingii wote kwenye gurudumu moja. Ulikuja vipande vipande, vya futi 1,000 au 2,000, na cha futi 2,000 kiliisha kwa dakika 22 tu. Ndiyo maana chumbani kulikuwa na mashine mbili zilizosimama sambamba, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri.

Kipande kikikaribia kuisha, kidoti kidogo kilimulika kwenye pembe ya juu ya pazia, kulia. Kilidumu picha nne tu, chini ya robo ya sekunde. Watazamaji hawakukiona kwa sababu hawakujua kama kipo. Fundi alikiona. Mkono mmoja ukawasha mota ya mashine ya pili ili mkanda upate mwendo. Sekunde kama saba baadaye kidoti cha pili, na kwa pigo moja mwanga wa mashine ya kwanza unafungwa, wa pili unafunguliwa, sauti inahama. Akifanya sawasawa, mama aliyekuwa analia kwenye filamu ya Kihindi ya Mother India anaendelea kulia bila kukatishwa. Akichelewa nusu sekunde, ukumbi mzima unaona weupe na kupiga kelele. Halafu anageuka, anatoa kipande kilichokwisha, anakirudisha nyuma kwa mkono, anapachika kingine, na dakika 22 zinaanza tena.

Taa yenyewe haikuwa balbu. Vilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana ncha kwa ncha, umeme ukiruka katikati na kutoa mwanga ambao huwezi kuutazama ila kwa kioo cheusi. Vijiti vinaliwa kadiri vinavyowaka. Nafasi ikipanuka mwanga unafifia, ikizidi, unazimika. Kwa hiyo fundi alikuwa na kazi ya pili inayokwenda pamoja na ile ya kwanza, kuvisogeza vijiti kidogo kidogo usiku kucha. Na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ilikuwa ya nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kikishashika huendelea kuwaka hata ndani ya maji. Mkanda ukikwama mbele ya taa kwa sekunde chache, moto umeanza. Vyumba vya mashine viliwekewa vibao vya chuma vya kuanguka na kuziba madirisha ili ukumbi usiungue, na fundi alijua vizuri kwamba vibao vile vikianguka yeye yuko upande gani.

Zaidi ya hayo, Zanzibar na Dar es Salaam nakala moja ya filamu iliweza kuonyeshwa kwenye majumba mawili usiku ule ule. Jumba la pili lilianza baadaye kidogo, na kijana mwenye baiskeli alichukua kila kipande kilichomalizika katika la kwanza na kukanyaga mbio kukipeleka. Pancha moja, na watu mia kadhaa wamekaa gizani wanamsubiri kijana mmoja. Hapo fundi alilazimika kujua pia kutuliza watu.

Fundi wa mjini alifanya yote hayo nyuma ya ukuta. Huku kwetu ukuta haukuwepo.

Sinema ya gari ilianza Tanganyika mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wenye makao yake Vugiri, milima ya Usambara, ulioongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga picha fupi fupi kuhusu safura, kodi, kuweka akiba posta, kilimo, wakitumia wenyeji kama waigizaji, kisha wakazizungusha kwa lori katika makoloni ya Uingereza ya upande huu wa Afrika. Kulikuwa na heri ndani yake, na kulikuwa na dharau. Wakubwa wa sinema ya kikoloni waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwamba lazima kila jambo lionyeshwe polepole na kwa urahisi kama kwa mtoto. Waliendelea kuamini hivyo wakati ambapo mjini, mtaa wa pili tu, vibarua na wapishi walikuwa wanaifuata filamu ya Kihindi ya Awaara ya mwaka 1951 kwa lugha wasiyoisema, wakicheka panapochekwa, wakitoka na nyimbo zake midomoni. Sijui ushahidi gani mwingine waliuhitaji.

Baada ya Vugiri zikaja filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hapa Tabora tuna la kujivunia. Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayekwenda mjini na kukutana na matapeli, kilimfanya mwigizaji wake mkuu ajulikane nchi nzima. Mwigizaji huyo alikuwa kijana aliyesoma Tabora, katika shule ile ile aliyosoma Mwalimu Nyerere kabla yake, na wakati huo alikuwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wengi wanamkumbuka kama Simba wa Vita. Wazee wengine wanamkumbuka kama mtu aliyewahi kuwatokea usiku kwenye kitambaa.

Uhuru ulipokuja gari halikusimama. Magari ya serikali yaliendelea kuzunguka na filamu za afya, kilimo na siasa. Mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, ya kuhimiza vijiji vya ujamaa. Nikiwa mtoto ndiyo sinema niliyoijua, na nataka niieleze kwa makini maana kila mwaka wanaoweza kuieleza wanapungua.

Gari liliingia mchana, Landrova yenye vipaza sauti viwili juu, likapita polepole barabara nzima likitangaza. Jioni lilisimama kwenye uwanja wa shule. Fundi alishuka na kijana wake, wakasimika nguzo mbili na kukaza kitambaa cheupe kwa kamba pande zote nne. Akakipiga kwa kiganja kusikia kama kimekaza. Jenereta aliipeleka mbali, nyuma ya miembe, ili kelele zake zisimeze sauti, akavuta waya hadi kwenye meza. Kisha akaweka mashine ya milimita 16 mezani, katikati yetu. Sisi watoto tuliketi chini karibu kabisa, tukiwa tumegawanyika: nusu wanatazama kitambaa, nusu wanamtazama yeye.

Alifungua ubavu wa mashine. Akachukua brashi ndogo laini akafagia kidirisha ambamo mkanda hupita, kwa sababu chembe moja ya vumbi la kiangazi cha huku inaonekana kwenye kitambaa ikiwa kubwa kama jiwe. Akapitisha ncha ya mkanda kwenye meno ya gurudumu la juu, akaacha kitanzi, akaushusha kwenye kidirisha, akaacha kitanzi kingine, akaupeleka kwenye sehemu ya sauti na kuufunga kwenye gurudumu la nyuma. Vile vitanzi viwili ndivyo siri ya mashine nzima. Mbele ya taa mkanda unasimama na kuruka, unasimama na kuruka, mara 24 kila sekunde. Juu na chini yake unatembea mfululizo. Bila kitanzi cha kuupa nafasi, mkanda unakatika. Kitanzi kikipotea katikati ya onyesho picha inaanza kutetemeka, na fundi mzuri alikirudisha kwa kidole bila kuzima taa. Niliona kidole hicho kikifanya kazi, na tangu siku hiyo sijaweza kuiita kazi hii ya kubonyeza vitufe.

Wadudu walijaa kwenye mwanga. Upande wa pili wa kitambaa walikaa waliochelewa, wakitazama filamu hiyo hiyo, maandishi yakiwa kinyumenyume na kila mtu akitumia mkono wa kushoto. Sauti ya filamu ilikuwa Kiswahili, wakati mwingine Kiingereza. Kwa hiyo kipaza sauti kilishikwa, na mtu akaeleza kwa Kinyamwezi kinachoendelea. Mfasiri huyo hakutafsiri tu. Alimsifu stelingi, akamwonya adui, akamtaja mlevi wa kijiji kwa jina mlevi wa kwenye picha alipoanguka. Mara nyingi mfasiri na fundi alikuwa mtu yule yule, jicho kwenye kitanzi na mdomo kwenye kipaza sauti. Mkanda ulipokatika, na ulikatika kwa sababu ulikwishapita wilaya nyingi, alisimulia kisa gizani huku vidole vyake vikikwangua ncha mbili, vikipaka gundi na kuzibana. Watu hawakuondoka. Nina hakika wako humu ukumbini ambao kipande cha kisa wanachokikumbuka vizuri zaidi hakikuwemo kwenye filamu hata kidogo.

Dar es Salaam watu walipanda gari kuifuata sinema. Uyui sinema ilipanda gari ikawafuata watu. Kwa hiyo kumbukumbu zetu zinadai kazi tofauti na ya wenzetu. Wao wana kuta za kupaka rangi. Sisi tulichokuwa nacho kilikuwa mikononi mwa mafundi, na fundi anapozikwa hakuna kibao kinachobaki.

Video zilipoingia miaka ya 1980 majumba yalianza kufungwa, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Sizilaumu video. Kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, kilichukua mfasiri wa gari kikampa maisha mapya. Lufufu, mfasiri wa video, alijaza vibanda nchi nzima kwa sauti yake peke yake, na huyo namhesabu ndani ya ukoo huu ninaouzungumzia. Aliyekosa mrithi ni mtu wa mashine. Kaseti haikudai chochote kwake, na kuanzia miaka ya 2010 karibu majumba yote ya sinema duniani yaliacha mkanda yakahamia kidijitali. Fujifilm ya Japani iliacha kutengeneza karibu mikanda yake yote ya sinema mwaka 2013. Ujuzi wa kizazi kizima ukakosa pa kutumika, wakati wenye nao bado wapo hai na wana nguvu za kueleza.

Basi naomba jambo mahususi. Wapo wazee katika wilaya hii na Tabora mjini waliowahi kuendesha mashine za sinema, wa idara za serikali, wa misheni, wa majumba ya mjini. Vijana wa sekondari mna simu zenye kamera. Nendeni mkawarekodi, na msiwaulize kama sinema ilikuwa nzuri. Waulizeni waliwasha nini kwanza, walifanyaje mkanda ulipokatika, jenereta iliposhuka nguvu walijuaje kabla taa haijafifia, barabara gani gari lilikwama masika. Waacheni waonyeshe kwa mikono hata kama mashine haipo, maana mikono inakumbuka mengi ambayo mdomo umeshasahau. Wakitaja kijiji, andikeni jina la kijiji.

Na kuna mikanda. Najua ipo, kwenye stoo za shule, za misheni, chini ya vitanda. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, mkanda huo umeanza kuharibika, na harufu hiyo huiambukiza mingine iliyo karibu; utenge. Usiuache chini ya bati, joto ndilo linaloumaliza. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki, unahitaji kupumua. Uweke mahali pakavu penye kivuli, kopo likiwa limelala. Usijaribu kuupitisha kwenye mashine yoyote kabla mtu anayejua hajautazama, kwa kuwa mkanda uliosinyaa hupasuliwa na meno ya gurudumu. Andika kwenye karatasi ulikotoka na nani aliutunza, uiweke nje ya kopo, kisha mpigie afisa utamaduni wa wilaya. Ukiukuta umenata, usiubandue. Ulete hivyo hivyo.